Gauni la Kufungwa Mgongoni

Makanyagio, Mpanda
4 Julai 2021

Mwanangu Joséline,

Nakusalimu harakaharaka maana Abednego ameegesha lori lake hapa nje, anakuja huko kwenu kupakia mpunga, na anapiga honi kama anafukuza ng'ombe. Akisubiri atasubiri. Sisi wazima. Mahindi tumemaliza kuvuna. Mume wangu Arcade naye mzima, ila amenuna tangu juzi, na sababu utaisoma hapa chini. Wewe vipi? Unakula? Usinijibu "nakula" tu, niambie unakula nini.

Haya. Siku ile ulinipigia simu umepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, ulisema kwamba wewe na tabibu wako Yotham mna koti la mvua moja hapo zahanati, na mnalivaa kwa zamu mkiingia kwa wagonjwa wa kukohoa. Ukacheka. Mimi sikucheka. Mtandao ukakatika, nikabaki nimeshika simu. Dada yangu Jeannine aliniachia mtoto mmoja tu, naye ndiye huyo anagawana koti la mvua na mwanaume mrefu kama mlingoti!

Basi sikukuomba ruhusa. Nilikwenda moja kwa moja Shanwe kwa Getrude, yule mwenye duka la mashuka, nikamweleza. Jumapili akawaeleza akina mama wa jumuiya. Jumatatu tulikuwa tisa kwenye baraza lake, na cherehani nne. Getrude alipima mita mbili kati ya cherehani na cherehani kwa futi yake ya kushonea, na anayesogelea mwenzake anatumwa kuteka maji. Mimi nimeteka mara tatu, maana siwezi kusikia umbeya kwa mbali.

Mashuka katoa Getrude. Mwingine kaleta sponji la godoro lake. Na turubai katoa Arcade, ingawa hakujua. Alikuwa kaenda Katumba kumwona kaka yake. Aliporudi akakuta mahindi yameanikwa kwenye mkeka na turubai limeshakatwa vipande vya magauni. Ndiyo kununa kwenyewe.

Kwenye kiroba hiki mna magauni kumi na mawili na ngao za uso ishirini. Zile ngao ni plastiki ya kufunikia madaftari, na hapo kwenye paji la uso ndipo lilipokwenda godoro. Magauni nimeyakata mimi mwenyewe. Yana kola, vifungo saba mbele, na mfuko wa kalamu. Kifuani nimeweka turubai kwa ndani, huku na huku. Lako nimelitarizi ua.

Lile koti la mvua mkalivalie mvua.

Mimi mama yako mdogo,
Gaudiose


Zahanati, upande wa Kasansa
18 Julai 2021

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mpe shikamoo Baba Mdogo Arcade, na umwambie turubai lake limefika salama, linafanya kazi kubwa kuliko kuanika mahindi. Mimi mzima. Nakula ugali na samaki wa kukauka, na leo nimekula wali, maana mpunga uko kila nyumba. Hapa vumbi tupu. Wasukuma wameshusha ng'ombe wao kutafuta maji, na wakija zahanati wanakuja ukoo mzima kumsindikiza mgonjwa mmoja.

Mama Mdogo, sijui nianzie wapi kushukuru. Yotham alivyofungua kiroba alikaa chini kwenye sakafu. Alishika gauni, akalinusa, akasema linanukia duka. Kisha akacheza, na wewe humjui, huyu mtu hata harusini hachezi. Ngao za uso ndizo zimetuokoa hasa. Naona mgonjwa vizuri, na yeye anaona ni mimi. Bibi mmoja aliniambia zamani alikuwa anadhani anatibiwa na mwizi, kwa jinsi nilivyojifunika.

Magauni yamependeza sana. Ua langu kila mtu analisifia. Waambie akina mama wote tisa kwamba nawaombea kwa majina.

Kama mtashona tena, labda vifungo vinaweza kupungua kidogo? Lakini si lazima. Yako vizuri.

Mwanao,
Joséline


Makanyagio, Mpanda
1 Agosti 2021

Joséline,

Wazima. Nyie? Haya, salamu zimekwisha.

Abednego karudi na mpunga jana. Ananiambia, tena anacheka mbele ya watu, kwamba kamwona nesi wa huko amevaa gauni langu kinyumenyume. Vifungo mgongoni, mfuko mgongoni, na ua limemkalia kwenye bega la nyuma kama chapa ya ng'ombe! Nikamwambia umekosea, huyo si mwanangu, mwanangu nimemlea mimi na anajua mbele ya nguo na nyuma yake. Akaapa. Akasema na yule tabibu mrefu naye hivyohivyo.

Mimi nashona tangu niko na miaka kumi na minne. Nimeshona sare za shule, nimeshona za kwaya, nimewashonea maharusi mpaka nimepoteza hesabu. Hakuna mtu aliyewahi kuvaa nguo yangu kinyumenyume. Halafu wewe unaniandikia "yamependeza sana." Yamependeza nini? Na hayo maneno ya vifungo kupungua nimeyasoma tena jana, nikayaelewa.

Nieleze. Kwa ukweli, na kwa Kiswahili kilichonyooka. Ukinificha mimi, nani utamwambia?

Arcade anakusalimu. Yeye kacheka pamoja na Abednego, kwa hiyo leo kajipikia.

Gaudiose


Zahanati, upande wa Kasansa
8 Agosti 2021

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nakuomba radhi. Nilipoona mwandiko wako umelalia upande mmoja nilijua umekasirika kabla sijasoma.

Ni kweli tunayageuza. Ningekwambiaje, Mama Mdogo? Mtu katoa godoro lake, Baba Mdogo katoa turubai, halafu mimi niseme hapana?

Ukweli ni huu. Mgonjwa namwinamia. Akikohoa, anakohoa kifuani pangu. Kati ya kifungo na kifungo panaachama, na kinachopita hapo kinafika kwenye nguo zangu, na nguo zangu ndizo naendea kulala. Tukiligeuza, mbele panakuwa pazima, lakini turubai linabaki mgongoni na kola inatukaba. Yotham huwa anaweka kalamu kwenye mfuko halafu anajipapasa mgongoni kama anawashwa. Wagonjwa wanacheka. Si vibaya wakicheka, huku kicheko kimekuwa haba.

Gauni la kazi hii linafungwa nyuma. Mbele pawe pazima, turubai lipite kifuani lote, mikono mirefu, na mgongoni pawe wazi na kamba mbili za kufungia, shingoni na kiunoni. Hakuna kola, hakuna kifungo. Ni rahisi kuliko uliyoyashona. Kumi tu yangetutosha.

Nimechanjwa juzi, Mama Mdogo. Mkono uliuma siku mbili, basi. Lakini wagonjwa wamezidi, na sasa nakuomba bila aibu: nishonee la kufungwa nyuma.

Nashukuru kwa yote. Hata kwa kunigombeza.

Joséline


Makanyagio, Mpanda
29 Agosti 2021

Mwanangu,

Tunaendelea vizuri. Mbaazi za Arcade zimeanza kukauka. Abednego amebeba barakoa mia moja na hamsini na ngao thelathini.

Magauni safari hii hayapo. Uzi umetuishia.

Jitunze.

Gaudiose


Zahanati, upande wa Kasansa
5 Septemba 2021

Mama Mdogo,

Shikamoo. Asante kwa barakoa, ni nzuri, na zimefika siku tuliyokuwa tunafua za zamani mpaka zimechoka. Nimewapa na wanaosindikiza wagonjwa. Waambie akina mama Mungu awazidishie.

Ila barakoa mia moja na hamsini, zote zina mishono minne minne. Zimeshonwa kwa uzi gani?

Sikusumbui tena na lile ombi. Nimeona una jambo hutaki kulisema, na mimi pia sisemi yote.

Yotham hayupo, amepumzika kidogo. Niko peke yangu, lakini naweza.

Joséline


Makanyagio, Mpanda
19 Septemba 2021

Joséline mwana wanje, mwanangu,

Leo sikuulizi umekula nini.

"Amepumzika kidogo." Abednego kaniambia alivyompumzisha. Kamleta Mpanda ndani ya lori, kamkalisha mbele pale karibu yake, madirisha wazi, na njia nzima mpaka wanapita Sitalike yule kijana anavuta pumzi kama anapandisha mlima. Nilikwenda hospitali. Hawakuniruhusu kuingia, nikamwangalia dirishani. Ana mpira wa oksijeni puani. Miguu imepita mwisho wa kitanda. Aliniona, akainua mkono. Hanijui hata kidogo, lakini alikuwa amevaa barakoa yangu, na nadhani aliniona naiangalia.

Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Uzi haukuisha. Uzi upo boksi zima. Sasa nisikilize nikuambie nilichokataa kukuambia.

Kwetu, kwa desturi ambayo wazazi wetu walitoka nayo Burundi na sisi tukaikuta kwenye makazi ya wakimbizi Katumba, nguo iliyo wazi mgongoni ni nguo ya maiti. Mtu akishafariki mikono inakuwa migumu, haipiti kwenye gauni. Kwa hiyo gauni lake zuri linapasuliwa nyuma, kutoka shingoni mpaka chini, anavishwa kwa mbele, na nyuma panachomekewa chini ya mwili. Anayeangalia anaona kavaa vizuri.

Mama yako Jeannine nilimvisha mimi. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, walikupeleka kwa jirani. Nilichukua lile gauni la kijani nililomshonea mimi mwenyewe kwa ajili ya Pasaka, na nikalipasua kwa mkasi wangu. Ule mkasi ndio huu ninaokatia barakoa zako. Nasikia bado ile sauti ya kitambaa.

Barua yako ya Agosti niliwasomea akina mama barazani. Getrude si wa kabila letu lakini kwao ni hivyohivyo. Tisa wote tuliweka mikasi chini. Kushona nguo kumi za namna hiyo ni kama kuwatayarishia watu kumi safari. Na moja iwe yako? Nilijaribu. Nilitandika shuka, nikachora chaki mgongoni, mikono ikanikataa. Ndipo nikaandika habari za uzi.

Sasa kijana wa watu amelala na mpira puani, na wewe uko huko peke yako na vifungo vyangu saba. Nilijidai nakukinga na kifo kwa desturi yangu, kumbe nakiachia nafasi kati ya kifungo na kifungo. Kama ni mimi nimemponza yule kijana, niambie. Na unieleze nifanye nini, maana mimi sijui.

Mama yako mdogo,
Gaudiose


Zahanati, upande wa Kasansa
3 Oktoba 2021

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nne, ya mwisho kwa sauti.

Kwanza, hukumponza Yotham. Alikuwa ameliacha gauni akarudia koti la mvua, ili mimi niwe na magauni ya kubadilisha. Hakuniambia, nilidhani yake yako kwenye kamba yanakauka. Alikoambukizwa hatuwezi kujua, huku kila anayeingia anakohoa. Na jana kanipigia mwenyewe. Anaongea sentensi nzima bila kupumzika. Amesema, "Yule mama aliyekuwa ananiangalia dirishani ndiye wa ua?"

Pili, gauni la kijani. Mimi sikujua kwamba lilipasuliwa. Waliponirudisha nyumbani kumuaga, nilimwona mama kwa mbele. Alikuwa amependeza kama siku ya Pasaka. Kola imekaa sawa, mikono imekaa sawa. Miaka yote hii nikimkumbuka, sikumbuki ugonjwa, nakumbuka lile gauni. Kumbe ni wewe uliyenipa hiyo kumbukumbu, na mkasi ukabaki nao mwenyewe. Asante, Mama Mdogo. Nimechelewa kuisema, lakini asante.

Tatu, umeniuliza ufanye nini. Gauni la mama halikufungwa, kwa sababu hakuwa anakwenda popote. La kwangu litafungwa kila asubuhi. Mtu hawezi kujifunga mgongoni, lazima asimame mwenzake nyuma yake amkazie, na jioni amfungue, nikaoge, nikale. Mwezi huu mzima sina wa kunifunga. Mama mfagizi wa hapa ameniambia atanifunga yeye, nikipata cha kufungwa.

Nimekuwa nikikuandikia kwamba naweza. Naogopa, Mama Mdogo. Kila mtu akikohoa naogopa, na bado namwinamia kwa sababu ndiyo kazi. Nishonee.

Joséline


Makanyagio, Mpanda
17 Oktoba 2021

Mwana wanje,

Salamu kutoka baraza zima. Arcade amepata turubai jipya na kaliandika jina lake kwa rangi, herufi kubwa, pande zote mbili.

Barua yako niliwasomea. Niliposoma pale unaposema unaogopa, Getrude alinyoosha mkono akasema nipe mkasi. Nikamwambia hapana, la kwanza nakata mimi. Nikakata, saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wanapita barabarani na bodaboda zao. Mgongo mzima, juu mpaka chini.

Tumeweka utaratibu wetu. Gauni likiisha haliingii kwenye kiroba kabla halijavaliwa na mtu mzima wa afya, mwenzake amfunge kamba zote mbili, azunguke nyumba ya Getrude mara moja, acheke, hata kama ni kwa kujilazimisha, ndipo afunguliwe. Kisha linafuliwa na kupigwa pasi. Hakuna hata moja hapa ambalo mtu wake wa kwanza si mzima. La mwisho tulimvisha Arcade. Badala ya kuzunguka nyumba alitoka getini na kwenda mpaka duka la pembeni kununua kiberiti, na kamba zinaning'inia nyuma. Hapo hatukujilazimisha.

Yako ishirini. Yotham nimemrefushia lake kwa shibiri moja na nusu. Nilimpelekea supu siku aliyotoka hospitali, nikampima hapohapo amesimama. Anakula yule!

Lako lina kamba moja tu, ya shingoni. Kiunoni utatumia mkanda huu wa kijani niliouviringisha kwenye gazeti. Ni wa gauni la mama yako. Nilipolipasua, mkanda ulibaki hauna kazi, nikauweka kwenye bati la vifungo, na umekaa humo miaka kumi na mmoja.

Najua utataka kuutunza. Usiutunze. Najua mnaloweka nguo kwenye maji ya jiki na rangi itatoka. Na itoke. Uloweke kama nguo nyingine, uanike, uvae. Mimi nimeutunza vya kutosha na haujamfunga mtu.

Gaudiose


Zahanati, upande wa Kasansa
14 Novemba 2021

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mvua zimeanza, na Abednego anasema hii inaweza kuwa safari yake ya mwisho kabla barabara haijaharibika, kwa hiyo naandika huku anapakia. Nakula vizuri. Juzi nimekula kuku, kaletwa na familia ya mzee mmoja aliyepona. Wagonjwa wa kukohoa wamepungua. Wiki hii wawili tu.

Magauni yote ishirini yanafanya kazi. Nimewasimulia Yotham na mama mfagizi habari za Baba Mdogo na kiberiti. Mama mfagizi sasa kila akitufunga anatuamuru tucheke kwanza, la sivyo hakazi.

Yotham amerudi Jumatatu iliyopita. Amekonda, na akitembea mpaka kisimani anapumzika mara moja, lakini yupo. Lake linamfika chini ya magoti. Hajawahi kuwa na nguo inayomfika chini ya magoti, anasema hata ya ubatizo haikumfika.

Mkanda niliufunga kichwani siku moja nzima nyumbani, nikijua umesema nisiutunze. Kesho yake nikauvaa kazini, jioni nikautia kwenye ndoo ya jiki pamoja na vingine. Nilifumba macho. Nimeshauloweka mara ishirini na zaidi. Ukijani umetoka wote, Mama Mdogo, umebaki mweupe na michirizi kidogo kwenye mishono, pale uzi wako ulipoukinga. Lakini haujalegea.

Leo asubuhi Yotham ndiye aliyenifunga. Alivuta sana, nikamuuliza unanikaba kwa nini. Akasema, "Nataka mama yako aone nimekaza." Sikumuuliza ni mama yupi.

Urakoze cane, asante sana, Mama Mdogo. Kuna mtoto analia nje, naingia.

Joséline